Breki za Bosi Mdogo

Bosi Mdogo alichuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto, akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa bega, akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Fundi," alimwita mume mwenye gereji, ingawa aliyefunga breki zile alikuwa mke, na mke mwenyewe alikuwa amesimama hapohapo, mikono imejaa grisi. "Mbona jina langu liko kichwa chini?"

Kweli lilikuwa kichwa chini. Kalipa, yaani kile chuma kinachoibana diski gari lisimame, Bosi Mdogo alizinunua zimetumika, zimetolewa kwenye gari kubwa la mashindano, pana mara mbili ya zile zilizokuja na kigari chake. Akampelekea mchoraji wa mabango azipake rangi nyekundu na kuandika jina lake la mtaani kwa herufi nyeupe. Mchoraji anajua herufi. Upande upi wa kalipa hutazama mbinguni, hilo halikuwa kazi yake, basi alizilaza mezani zilivyomjia, akaandika, akalipwa.

Mke wa fundi aliitwa Mama Spana na mtaa mzima, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Kazi ile ilimchukua siku mbili. Diski za zamani zilikuwa kama kisosi, hizi mpya kama sinia. Alichongesha vishikio vya chuma kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, akavirudisha kwa sababu kimoja kilizidi kwa nusu milimita, akabadilisha rimu maana zile za mwanzo ziligonga kalipa, akafunga mipira mipya ya mafuta, akatoa hewa gurudumu moja baada ya jingine mpaka pedeli ikawa ngumu kama ukingo wa barabara. Ilikuwa kazi safi. Yeye alijua hivyo, na hakuna mwingine aliyesema.

"Jina ndilo limeandikwa vibaya," alisema. "Kalipa ziko sawa. Unaiona skrubu hii? Ni ya kutolea hewa. Lazima ikae juu, kwa sababu hewa hupanda juu. Ukizihamisha, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, jina litasomeka vizuri, lakini skrubu itakwenda chini na hewa itabaki ndani. Utakanyaga breki, kumbe unakanyaga hewa."

Bosi Mdogo alimsikiliza huku akimtazama mume. "Fundi, anasemaje huyu?"

Mume alitabasamu. Tabasamu lile Mama Spana alilijua na alilichukia kuliko matusi. Kiwanja cha gereji kilikuwa cha baba yake Bosi Mdogo, na vile vyumba viwili vya nyuma walimolala na watoto vilikuwa vyake pia. Akufukuzaye hakwambii toka, na watu hawa hawakuwa na haja hata ya kumfukuza mtu. Walikohoa tu, na mume akatabasamu.

"Anaeleza mambo ya ndani, bosi. Usijali. Breki hapa ni kazi yangu, yeye hunisaidia kushika taa."

Miaka yote alikuwa akiwaambia wateja hivyo. Mwanzoni yeye na mkewe walikubaliana, kwa sababu wenye magari hawakutaka kusikia kwamba maisha yao yameshikwa na mikono ya mwanamke. Baadaye mume aliyazoea maneno hayo mpaka akayaamini.

"Mchoraji apake upya," Mama Spana alisema. "Ni kazi ya nusu siku."

"Mchoraji amesafiri. Na kesho saa nane wenzangu wanakuja kupiga video. Unataka nichekwe?"

"Afadhali uchekwe na wenzio kuliko..."

"Hutachekwa, bosi," mume alimkatiza. "Nenda kapumzike. Kesho utakuta limekaa sawa."

Bosi Mdogo alipoondoka, Mama Spana aliitupa spana kwenye sanduku kwa kishindo.

"Utalikalishaje sawa?"

"Nitaona."

"Hakuna cha kuona. Ukitaka, chukua msasa tulifute hilo jina lake."

"Tulifute? Unajua alimlipa nini yule mchoraji?"

"Sijui, na sitaki kujua."

"Wewe hutaki kujua mengi," mume alisema, akaenda kunawa.

*

Kesho yake mwalimu wa binti yao alikuwa ameita wazazi. Mume alimwambia aende yeye, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kuongea na walimu, na Mama Spana akaona ni maneno ya heshima. Alivaa viatu vya kutokea, akakaa kwa saa tatu kwenye benchi akisikiliza habari za hisabati. Alirudi saa saba na nusu.

Ng'ambo ya gereji, kwenye kibaraza kinachotazama barabara, mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake kama siku zote, pini mdomoni.

"Jirani," alimwita bila kuzitoa pini, "leo umevaa viatu. Nilidhani ni mgeni wa gereji, nikataka kukuelekeza kwako."

"Nielekeze tu, labda nitakuta mume mwingine."

"Ukikuta wawili, mmoja niletee."

Walicheka. Mama Spana alivuka barabara akiwa bado anacheka, akaingia gerejini, na kicheko kikakatika.

Kigari kilikuwa chini, kimeoshwa, kinang'aa. Vijana wanne walikizunguka na simu zao. Katikati ya matundu ya rimu, jina la Bosi Mdogo lilisomeka wima, kushoto na kulia. Mama Spana hakuhitaji kuchuchumaa. Alichuchumaa hata hivyo, akaona skrubu ya kutolea hewa inatazama sakafu.

Alifungua mlango wa dereva, akaingiza mguu na kiatu chake cha kutokea, akakanyaga breki. Pedeli ilikwenda mpaka chini kana kwamba hakuna kitu chini yake. Akakanyaga tena, ikakaza kidogo. Mara ya tatu ikawa ngumu. Alielewa mara moja jinsi mumewe alivyojidanganya: alipampu, ikakaza, akasema imekubali.

Alimfuata kwenye meza ya vifaa.

"Umezihamisha."

"Sauti chini."

"Pedeli inalala."

"Hailali. Nimeijaribu mwenyewe."

"Umeipampu. Akiendesha, akaiacha dakika mbili, akikanyaga itakwenda sakafuni. Unajua hivyo. Mwambie asitoke."

"Mbele ya wenzake?" Mume alinong'ona, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Nimwambie nini, nimekosea? Baba yake ataambiwa leo hii. Atazunguka tu hapo nje, wapige video yao, aondoke. Jioni nitamwomba alirudishe gari. Usiniaibishe."

Mama Spana aligeuka kumkabili Bosi Mdogo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, alikuwa ameshavuta pumzi ya kuyasema. Bosi Mdogo akamwona kwanza.

"Aa, mama, vizuri umerudi. Lete kitambaa ufute rimu, mzee ameacha alama za vidole."

Vijana walikuwa wamemgeuzia simu. Mumewe alimtazama kwa macho ya mtu anayezama. Na Mama Spana, ambaye aliwahi kumfukuza dereva wa lori gerejini kwa ufunguo wa magurudumu, alichukua kitambaa. Alipiga magoti kwenye saruji, sketi yake ya kwendea shuleni ikagusa mafuta, akafuta rimu ya kushoto, akafuta ya kulia. Skrubu ilikuwa inchi chache kutoka puani mwake. Na yenyewe aliifuta.

Kigari kilitoka kikinguruma. Kilikwenda hadi mwisho wa barabara, kikageuka, kikasimama kungoja vijana wajipange na simu mbele ya lango la gereji. Kilingoja dakika mbili, labda tatu. Kisha kikaja kwa kasi yote kilichokuwa nayo, maana sifa ya breki kubwa ni kuonekana zikikamata.

Hazikukamata. Vijana waliruka huku na huku. Bosi Mdogo alizungusha usukani ili asiwapitie wenzake, akaukosa mlingoti wa taa, akapanda kibaraza cha ng'ambo. Mlio ulikuwa wa cherehani kwanza, chuma kwa chuma, kisha ukafuata mwingine ambao Mama Spana hakuutambua mpaka alipofika na kuona kwamba ulikuwa wa mtu.

*

Mshonaji alikuwa hai. Nyonga ilikuwa imevunjika, mara mbili, walisema watu waliomsindikiza hospitali. Askari walikuja, wakaandika, wakaamuru kigari kisukumwe gerejini na mtu yeyote asikiguse mpaka Jumamosi, mkaguzi wa magari atakapofika.

Ijumaa saa kumi jioni mwenye nyumba, baba yake Bosi Mdogo, alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee wa sauti ya chini, hakuwahi kugombana na mtu. Alikalishwa kwenye kiti pekee chenye mto, akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa.

"Nimeandika kwa ufupi, ili tusisumbuane," alisema. "Kwamba breki zilifungwa na mama, kwa kutojua, kwa bahati mbaya. Watamtoza faini. Faini nitalipa mimi. Na kodi ya hapa, mwaka mzima tusiiongelee."

"Nani alizifunga kwa kutojua?" Mama Spana aliuliza.

Mwenye nyumba alimtazama mume, na Mama Spana akayafuata macho yake. Chini ya maandishi palikuwa na sahihi. Aliijua. Ilikuwa kwenye cheti chake cha ndoa.

"Umeshaweka sahihi," alisema.

"Mama, nisikilize." Mume aliongea haraka, akitazama miguu ya meza. "Mimi nikisema nilizihamisha, ni jela. Mimi ndiye mwenye gereji, mimi ndiye ninayejulikana. Wewe ni mwanamke, una watoto, hawawezi kukuweka ndani. Utaonekana ulikosea tu. Kila mtu hukosea."

"Na huyo aliyekuagiza?"

"Mwanangu si fundi," mwenye nyumba alisema kwa upole. "Mteja huomba. Fundi ndiye hukubali au hukataa."

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo iliyomkera Mama Spana kupita yote, kwamba ukweli ule ule alioupigania juzi sasa umevaliwa na mtu huyu kama koti la kuazima. Alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, hata yeye hakukipenda.

"Miaka yote mimi ni mshika taa," alimwambia mumewe. "Nikiamka saa kumi na moja nikatoa hewa kwenye magari matatu, wewe unapokea asante, mimi nashika taa. Nikilala chini ya gari, mteja akija nanyamaza asijue kuna mwanamke. Leo mtu amevunjika nyonga, ndiyo mmenipa ufundi. Leo mimi ni fundi, nina hata karatasi."

"Usipige kelele, watoto wanasikia."

"Wasikie."

Mwenye nyumba alisimama taratibu, akaiacha karatasi mezani, kalamu juu yake. "Mkaguzi anakuja saa tatu. Mama, wewe ni mtu mzima. Fikiri vyumba, fikiri shule. Mimi sikulazimishi."

Baada ya kuondoka, mume aliketi akashika kichwa. Alisema mengi. Kwamba alifanya kwa ajili yao. Kwamba mkewe hayajui anayoyameza kila siku kwa ajili ya vyumba hivi viwili. Kwamba anampenda. Mama Spana alimwamini katika yote, na hasira haikupungua hata kidogo. Kama angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Alikuwa mtu mwoga tu, na yeye mwenyewe jana alipiga magoti na kitambaa mkononi, basi alikuwa nani wa kumwita mwoga?

*

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizunguka kigari mara mbili, akakanyaga pedeli, akapiga mluzi mdogo. Mwenye nyumba, mwanawe na mume walisimama mstari mmoja ukutani. Bosi Mdogo alikuwa na plasta moja kwenye paji la uso.

"Nani alifunga breki hizi?"

"Mama huyu," mwenye nyumba alisema. "Kuna karatasi."

Mkaguzi alimgeukia. Mama Spana aliitoa karatasi mfukoni. Mahali pa sahihi yake palikuwa patupu.

"Mimi nilizifunga Jumatano, zikiwa sawa," alisema. "Alhamisi nilipokuwa shuleni zikahamishwa. Ya kulia ikawekwa kushoto, ya kushoto kulia, ili jina la huyu kijana lisisomeke kichwa chini. Kijana aliagiza. Mume wangu akatekeleza."

"Ana hasira na mumewe," mwenye nyumba alisema. "Ni mambo ya ndani."

"Niruhusu nichukue jeki," Mama Spana alimwambia mkaguzi.

Mkaguzi alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. Mama Spana alilinyanyua gari mbele yao, akatoa gurudumu, akamwita mkaguzi ainame. Alifunga mpira mwembamba kwenye skrubu iliyotazama chini, ncha nyingine akaitumbukiza kwenye chupa yenye mafuta ya breki, akamwomba mkaguzi akanyage. Mafuta yalitoka safi, bila povu hata moja. Kisha akafungua bolti mbili, akaitoa kalipa bila kuukata mpira wake, akaweka kipande cha ubao mahali pa diski, akaigeuza skrubu ikatazama juu.

"Kanyaga tena."

Chupa ilichemka. Mapovu yalikuja mfululizo, makubwa, yakafurika mdomo wa chupa na kumtiririkia mkononi. Mkaguzi alitoa kichwa nje ya gari kutazama, akasahau mguu wake kwenye pedeli.

"Aliyezifunga hivi," Mama Spana alisema, "ama hajui breki, ama alikuwa anajua na akaogopa mtu."

Mkaguzi alivua miwani. Alimtazama mume. "Wewe ulijua?"

Bosi Mdogo alianza kusema kitu, baba yake akamshika mkono. Mume alikuwa akitazama ile chupa.

"Aliniambia," alisema. "Mke wangu aliniambia, kabla na baada. Na kijana alisikia mara ya kwanza, alikuwepo."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Wawili wale wangekwenda naye kituoni kutoa maelezo, kijana na fundi. Mama Spana alisubiri kalamu itulie.

"Bado," alisema. "Na mimi niliona kabla gari halijatoka. Nilikanyaga pedeli nikajua. Sikumzuia. Andika na hilo."

Mkaguzi alipitia fomu yake juu hadi chini. "Hilo halina mahali pa kuandikwa, mama. Hukuendesha wewe, na hukuzihamisha."

Walipoondoka, mwenye nyumba alibaki nyuma kidogo kupangusa vumbi kwenye viatu vyake. "Mwisho wa mwezi," alisema kwa sauti yake ileile ya chini. "Vyumba na gereji."

"Nimesikia," Mama Spana alijibu, na akashangaa kwamba neno hilo halikumuuma kama alivyokuwa akiogopa miaka yote.

*

Wodi ilikuwa ndefu, imejaa, na wageni walikuwa wengi saa ile. Mshonaji alikuwa kitanda cha karibu na ukuta. Mguu ulikuwa umefungwa kwenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, na uso wake ulikuwa umepungua kwa siku mbili tu.

"Wanasema miezi minne nisikae kwenye kiti," alisema. "Mshonaji asiyekaa. Nitashonea wapi, hewani?"

Mama Spana aliketi ukingoni mwa kitanda cha jirani. Alimweleza yote, kutoka kwa mchoraji hadi chupa ya mapovu. Mshonaji alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipofika kwenye karatasi ya mwenye nyumba, mshonaji alitoa tusi moja fupi, na mgonjwa wa pili akacheka.

"Kwa hiyo umewasema," alisema. "Hata mumeo."

"Nimewasema."

"Umefanya vizuri, jirani. Wengi wangeweka sahihi." Alinyoosha mkono, akaupapasa wa mwenzake.

Angeweza kuishia pale. Alikuwa amepoteza nyumba, na mume alikuwa kituoni, na mkono ule ulikuwa wa joto. Hakuna aliyekuwa anamwuliza kitu.

"Kuna moja mkaguzi hakuliandika," alisema. "Niliziona kabla hawajatoka. Nilijua breki hazipo. Nilitaka kusema, yule kijana akaniambia nifute rimu, nikafuta."

Mkono wa mshonaji ulibaki pale pale kwa muda, kisha ukarudi taratibu chini ya shuka.

"Nilikuwa kibarazani," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa umetoka kuniona. Tulikuwa tumetoka kucheka."

"Ndiyo."

"Kila siku nakusikia, jirani. Cherehani inanguruma na bado nakusikia, ng'ambo ya barabara, ukigombana na bolti iliyogoma. Una sauti wewe." Hakuwa anapiga kelele, alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayepima kitambaa. "Sawa, wao uliwaogopa. Lakini mimi? Ungeniita tu. Ungesema, jirani, toka hapo."

Mama Spana alifungua mdomo.

"Si leo," mshonaji alisema, akageuza uso ukutani, maana ndicho kitu pekee mwilini mwake kilichoweza kugeuka.